Ndeke ya Saa Tisa

Ackson aliipata habari saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mkewe akiwa bado chooni ananawa uso. Basi lilikuwa limewashusha Lusaka muda mfupi uliopita, baada ya safari ya tangu jana mchana kutoka Nchelenge, na miguu ilikuwa imemvimba kwa kukaa. Alimpigia simu Idah, binti wa shangazi yake, mpishi katika nyumba wanakolala wakimbizi wanaongoja kupelekwa ng'ambo. Alitaka kuuliza njia tu. Idah akamwambia kwa Kibemba kwamba Aurélie, mdogo wa mkewe, hayupo. Alipanda ndege Jumatatu, na leo ilikuwa Jumatano.

"Lakini mke wako nilimwambia jana," Idah akasema. "Nilimwambia mailo."

Hapo Ackson akaelewa. Kwa Kibemba mailo ni jana, na mailo ni kesho vilevile. Aile mailo, amekwenda jana. Akaya mailo, atakwenda kesho. Kitenzi ndicho kinachosema, na kitenzi ndicho kilichomezwa na mtandao wa Nchelenge, ambao ulikuwa umekufa siku mbili na kufufuka kwa shida. Emilienne, mkewe, alisikia maneno mawili tu: ndeke, mailo. Ndeke aliijua, maana hata kwao Kongo ndege ya abiria huitwa hivyo. Mailo aliijua kwa wateja wake wa vitenge sokoni, wale wanaogusa nguo, wakaisifia, kisha wakaaga wakisema nkesa mailo, nitakuja kesho. Mailo ya wateja haijawahi kuwa jana.

Alikuja mbio ufukweni kumpa mumewe habari: ndeke ya mdogo wake ni kesho. Na Ackson, aliyenyonya Kibemba pamoja na maziwa ya mama yake, hakuuliza mailo ipi. Uvuvi ulikuwa umefungwa, alikuwa anaziba nyufa za mtumbwi kwa lami, na akili yake yote ilikuwa huko. Kuuliza kusingemrudisha Aurélie, lakini kungemwepusha Emilienne na safari hii.

Kama lingekuwa hilo peke yake, tungemlaumu kidogo tukamwachia. Lakini Emilienne na Aurélie walivuka ziwa pamoja kutoka Kongo mwaka 2017, wakapokelewa kambi ya wakimbizi ya Kenani, mkubwa ana miaka ishirini na mmoja, mdogo kumi na mmoja, hawana mama wala baba. Dossier yao, faili la kuombea kwenda Canada, ilikuwa moja. Emilienne alipokubali kuolewa na Ackson, alikwenda ofisini mwenyewe akaomba jina lake litolewe. Canada aliiacha kwa ajili ya mvuvi. Hakuwahi kumsimanga kwa hilo hata siku ya ugomvi, na kwa sababu hiyo lilimuuma Ackson zaidi. Alichoomba kilikuwa kimoja tu: amshike mdogo wake kwa mikono yake kabla hajaondoka.

Emilienne akatoka chooni amejifunga kitenge kipya, amejipaka mafuta mpaka anang'aa. Akauliza Idah amesemaje.

"Kule kwa nyumba banakatala bageni," Ackson akajibu. "Utamuona ku aéroport. Ndeke iko saa tisa."

Hiyo saa tisa aliitoa wapi, Mungu ndiye ajuaye. Kisha akaizima simu, waliyokuwa nayo hiyo moja, akaitia mfukoni akisema ni kwa ajili ya kutunza betri. Njia ya mwongo ni fupi, husema watu. Ya Ackson ilimlazimu kuzunguka mji mzima.

Kwani Emilienne hakuwa ameona mji mkuu wowote maishani mwake, wa Kongo wala wa Zambia. Akasema basi na watembee, Bashi Chola, yaani baba wa Chola, amwoneshe huo mji anaousifia kila siku. Mtoto wao walikuwa wamemwacha kwa bibi yake, na hawakuwahi kutembea wawili peke yao tangu harusi. Wakapita barabara ya Cairo, Emilienne akihesabu ghorofa kwa kidole mpaka shingo ikamchoka. Wakaingia duka lenye ngazi zinazopanda zenyewe, akakataa kukanyaga, akacheka, akakanyaga, akashuka, akataka kupanda tena. Begani alikuwa na mfuko wa chisense, wale dagaa wakavu wa ziwa Mweru, zawadi ya Aurélie, na mlinzi mmoja alikuwa akiwafuata nyuma kwa pua. Kwa mtu aliyewatazama kwa mbali, hawa walikuwa watu wenye raha.

Ackson alikusudia kusema pale kwenye ngazi. Akaona anavyocheka, akaahirisha. Akakusudia tena kwenye chakula, akaishia kuomba chumvi. Walipofika kwenye sanamu ya mtu anayekata minyororo, mvua nyepesi ikiwanyeshea, akajiapiza kwamba hapa ndipo. Emilienne akamwita mpiga picha wa mtaani.

"Bashi Chola, kuya tupige foto," akasema. "Nitamupa Aurélie aende nayo. Aone siku moja tulikuwa naye mu muji moja."

Picha ikatoka palepale. Emilienne ndani yake anatabasamu meno yote, na kando yake yuko mwanamume ambaye ungedhani ameshikwa na polisi.

Uwanja wa ndege walifika saa nane. Ackson akamwambia wasafiri wameshaingizwa kwa mlango mwingine. Emilienne akambembeleza askari wa mlangoni ampelekee mdogo wake mfuko, askari akakataa kwa upole. Hapo ndipo Ackson alipoona machozi ya kwanza ya siku ile, akamshika mkono, akamtoa mpaka barabarani, kwenye uzio, ambako watu husimama kutazama ndege zikiruka. Akaomba kimoyomoyo iruke yoyote.

Ikaruka moja, saa tisa na dakika ishirini, kubwa, nyeupe. Emilienne akatupa mfuko chini, akainua mikono yote miwili, akapunga, akaita jina la mdogo wake, akamwambia aende na Mungu, asisahau kusali, asiwaogope watu. Alipunga mpaka ndege ikaingia mawinguni.

"Sasa roho yangu imetulia," akasema huku akijifuta uso. "Aksanti, Bashi Chola. Nimemuona."

Ackson, tuseme ukweli, alifurahi. Aliona amevuka. Angemwomba Aurélie kwa siri akubali kwamba aliondoka Jumatano, na ingekuwa hivyo milele. Lakini Emilienne alitaka picha ya yale mawingu, akaitoa simu mfukoni mwa mumewe, akaiwasha. Kabla hajaielekeza juu, ikalia. Namba ilikuwa ya nchi nyingine.

"Yaya," sauti ya Aurélie ikamwita dada yake, kubwa kiasi kwamba Ackson naye aliisikia. "Niko naita tangu usiku. Tulifika jana magaribi. Idah anasema Bashi Chola anajua yote, atakuelezea."

Emilienne hakumtazama mumewe. Aliuliza kama kuna baridi, kama amekula, kama wamempa koti. Akauliza kama kitanda ni kizuri. Aurélie akauliza dada yake yuko wapi, mbona kuna kelele za magari.

"Niko Lusaka," Emilienne akasema. "Nilikuya kutembea tu na bwana yangu. Tunaona muji. Bakia muzuri, mama yangu."

Simu ikakatika. Akaishika mkononi, akitazama juu, palipokuwa na ndege na sasa pana mvua tu. Kisha akauliza, kwa sauti ileile aliyomwulizia mdogo wake habari za koti:

"Sasa miye niliaga nani?"

Tangu asubuhi Ackson alikuwa na jibu la kila kitu. Sasa aliinama akauokota mfuko wa chisense, na basi la kurudi Nchelenge lilikuwa linaondoka saa kumi na moja.