Utani wa Ijumaa Kuu

Ijumaa Kuu Adelina alimkuta Mzee Donat amekwisha vaa suti nyeusi, amekaa mezani katika nyumba yake ya Auderghem, huko Ulaya. Mbele yake palikuwa na picha ya baba yake na kofia ya uaskari iliyochakaa. Kila mwaka siku hiyo mzee huyo wa Albania aliomboleza. Ijumaa Kuu ya mwaka 1939 askari wa Mussolini walishuka bandarini Durrës, mfalme akakimbilia Ugiriki, na baba yake, askari wa bandarini, akauawa palepale gatini. Donat alikuwa na miaka mitano.

"Mwaka huu wanangu wako mbali," alimwambia Adelina kwa Kifaransa. "Kaa nami kidogo."

Akakaa. Alikuwa amemwogesha na kumpikia mzee huyu miaka minne, lakini hakuwahi kumwona akilia. Machozi yalipoanza kutiririka, alishindwa kuvumilia. Adelina ni Mngoni wa Songea. Kwao, Wahehe waliopigana na babu zake ndio watani wanaokuja msibani siku hizi. Huvaa koti la marehemu, wakaiga mwendo wake, hadi wafiwa wacheke huku wanalia. Siku ya kumzika baba yake, kicheko hicho ndicho kilichomrudishia pumzi.

Basi akaichukua kofia, akaivaa upande, akashika ufagio kama bunduki.

"Afande!" akapiga saluti. "Mfalme keshavuka mpaka na masanduku yake! Nipige risasi, au nami nifungashe?"

Akakimbia akichechemea kuizunguka meza.

Mzee hakucheka. "Vua," alisema.

Akaivua.

"Askari wa Mussolini walikuja nyumbani kupekua. Kofia hiyo ilikuwa imetundikwa mlangoni. Mmoja akaivaa, akamwigiza baba anavyokimbia, na wenzake wakacheka. Mama alikuwa amesimama hapo, amenishika."

Adelina aliirudisha kofia mezani. Alijaribu kumweleza habari za watani, lakini kila neno la Kifaransa alilolipata lilikuwa na maana ya mchezo, na kila akilitamka alizidi kuharibu.

"Hao Wahehe," mzee akamkatiza, "walipigana nanyi kweli?"

"Kweli, Mzee. Waliuana sana."

"Na sasa wanakuja kuzika?"

"Wanakuja. Hata kaburi wanachimba wao."

Mzee aliipangusa kofia kwa kiganja, taratibu.

"Kwetu, kati ya waliomuua baba, hajaja hata mmoja," alisema. "Nenda nyumbani, Adelina. Leo nitakula mwenyewe."

"Nisamehe, Mzee."

Alikuwa amekwisha igeukia picha, anasema nayo kwa Kialbania.

Mume wa Adelina, Barnaba, alishangaa kumwona saa nane mchana. "Leo umewahi! Mzee kakuruhusu kwa ajili ya Ijumaa Kuu?"

"Ndiyo," alijibu Adelina, bado amevaa koti.

"Mzee muungwana yule."

"Muungwana sana," alisema, akaingia bafuni akafungua bomba, asije akasikika akilia.