Chupa Iliyofunguliwa Mapema

Mtu anaweza kuishi mahali miaka na mikaka, kisha siku moja akasahau jambo ambalo hata watoto wa pale wanalijua. Ndivyo Medius alivyojiponza.

Tangu mumewe Jonan afe ghafla, mkwewe, mzee Blasio, hakutia kinywani kitu chochote kilichotoka mkononi mwa Medius. Hakuna aliyetamka neno sumu mbele ya mjane huyo. Lilizunguka nyuma ya mgongo wake tu, huko sokoni Bwera. Siku ya kumaliza matanga ndipo ukoo ungeamua kama atabaki katika nyumba ya Jonan au atafungasha virago. Mzee akipokea kinywaji kutoka kwa Medius mbele ya watu, yamekwisha. Medius hakuomba zaidi ya hapo.

Alikuwa mhudumu katika hoteli moja ya Kasese, na huko ndiko alikonunua divai nyekundu, maana mzee aliipenda. Ilikuwa changa bado. Hotelini alifundishwa kwamba divai ya namna hiyo hukwaruza koo ikinywewa papo hapo. Huachwa wazi kwanza ivute hewa, ukali upungue. Basi asubuhi ya siku hiyo, jikoni, aling'oa kizibo akaimimina yote katika jagi la kioo. Alitaka iwe tamu, maskini. Kwa hamu hiyo akasahau kwamba katika nyumba ile kinywaji hufunguliwa mbele ya macho ya atakayekinywa.

Alipopiga magoti na kumwekea mzee jagi na bilauri, watu waliojaa uani waligeuka kulitazama jagi.

"Nani alifungula?" Blasio aliuliza.

"Ni mimi, papa. Inapashwa kupumua kwanza."

"Divai iko na mapafu?" wifi yake Ednah alidakia.

"Kunywa wewe," mzee alisema.

Medius alijaza bilauri, akanywa mpaka tone la mwisho. Kisha wakangoja. Ednah aliwavuta watoto kando. Blasio alimkazia macho midomoni, halafu tumboni, halafu midomoni tena. Jua lilipanda, chai ikapoa vikombeni. Medius alibaki pale pale kwenye mkeka, akiona aibu kana kwamba kweli alimuua mumewe.

Hatimaye mzee alisogeza bilauri. "Mimina." Akanywa taratibu, akaramba midomo. "Iko muzuri. Nyumba ya Jonan iko yako, mutoto yangu. Maneno imeisha."

Watu wakaanza kuongea tena, wengine wakampa mkono. Medius alishukuru kama inavyopasa, akaingia ndani, akajifungia, akalia kuliko alivyolia siku ya mazishi. Muda wote ule waliamini amekunywa sumu, na hakuna hata mmoja aliyeinuka kuita bodaboda ya kumpeleka hospitali.