Mabuti ya Mzee Gaitani

Usiku wa jana Yusta Mbilinyi aliota yuko kwenye foleni ya kurudi nyumbani, na aliyemtangulia alikuwa friji.

Hakushangaa. Mtu akiwa ndotoni hashangai, anashika tu zamu yake. Ilikuwa ile friji ndogo ya bwenini, aliyoitumia miaka minne pamoja na Nargiza, msichana wa Uzbekistani aliyelala naye chumba kimoja pale Erzurum, nchini Uturuki. Friji ilikuwa imevaa joho la mahafali, na kofia imekaa upande.

"Na wewe unarudi kwenu?" Yusta akaiuliza.

"Ndiyo," friji ikajibu. "Nilikuja kwa ufadhili. Umekwisha."

Wakasogea hatua moja.

Hapa inabidi nieleze kidogo, maana friji haitaeleza. Yusta ni mtu wa Njombe, na amemaliza shahada ya teknolojia ya maziwa. Tiketi anayo, wiki ijayo anaondoka. Erzurum ni mji wa baridi ya kukausha kope, lakini Njombe nako kuna baridi, na baba yake, Mzee Gaitani, hajawahi kukubali kwamba duniani kuna baridi inayoishinda ya kwao. Kila Jumapili kwenye simu ilikuwa ni ligi. "Huko vipi leo?" "Hasi ishirini, Baba." "Hasi ni hesabu tu hiyo. Njoo usimame hapa mwezi wa saba bila sweta, ndiyo uniambie." Mwezi wa kwanza mwaka huu mzee alilegea. Akaagiza aletewe mabuti yenye manyoya ndani, yale wanayovaa watu wa huko kwenye theluji. "Ya kulinganisha tu," alisema.

Yusta aliyatafuta mabuti hayo mpaka wenye maduka wakaanza kumwita dada. Akayapata, akayasukuma chini ya kitanda. Tangu hapo, kila akichoka na vitabu, alijiliwaza kwa jambo moja: atapiga magoti sebuleni kwao, atamvalisha Baba mabuti, na Baba atayatembeza mpaka mlangoni akikataa kuyasifia. Shahada ilikuwa nzuri, lakini hamu yake hasa ilikuwa hiyo.

Ila tangu mwezi wa nne Baba amekuwa hapatikani. Mara amelala. Mara kaenda shamba. Mara simu yake imeingia maji. Yusta alikuwa kwenye mitihani, akili imejaa bakteria wa mtindi, akakubali kila alichoambiwa. Simu gani hukaa majini miezi miwili, hakujiuliza.

Turudi kwenye foleni. Friji imeshapita. Yusta yuko kaunta.

Nyuma ya kaunta ameketi ofisa, naye ni birika la chai. Ni birika la Kituruki la ghorofa mbili, kubwa chini na dogo juu. La chini linachemka, la juu limefunga tai na linasimamia, kama ofisi yoyote unayoijua.

"Umesoma nini?" birika dogo likauliza.

"Maziwa."

"Umeyamaliza?"

"Nimemaliza."

"Yote?"

"Yote, mheshimiwa."

Birika likatikisa kifuniko kwa kuridhika, likamwonyesha mizani. "Weka mizigo. Kanuni ni moja. Hapa kila kitu kinapimwa kwa hamu ya anayekisubiri."

Yusta akaona hiyo ni kanuni ya kawaida ya mashirika ya ndege, akaanza kutoa zawadi. Akaweka chupa ndogo ya manukato ya Shangazi Betina. Mizani ikapiga mlio, ikaandika kilo kumi na moja.

"Mbona ni kichupa tu?" Yusta akalalamika.

"Ameshatangazia kwaya nzima," mizani ikasema. Ilikuwa na sauti ya mwanamke mwenye mafua. "Na kuna mwenzake wa sauti ya pili haamini. Anakisubiri kwa uchungu."

Akaweka simu ya mdogo wake, Otmari. Mizani ikaguna, miguu ikaipinda, ikaandika kilo arobaini na kuomba ipewe dakika moja ipumzike. Akaweka mfuko wa pipi. Watoto wote wa jirani yao wa Njombe wakaonekana wamesimama juu ya mizani. Wakasema "Shikamoo dada Yusta" kwa pamoja, wakapima, wakashuka.

Akaweka mabuti.

Mizani ikaandika sifuri.

Yusta akayainua, akayaweka tena taratibu. Sifuri. Akayaweka moja moja. Sifuri. Akayakandamiza kwa mikono miwili, jambo ambalo kila mwanafunzi aliyewahi kupima sanduku anajua kwamba lazima liongeze kitu. Sifuri.

"Imeharibika hii," akasema.

"Mimi?" mizani ikauliza. Iliumia kweli, akaona. "Dada, mimi nimepima mpaka jino la mtoto ambalo bibi yake analisubiri. Sijaharibika. Weka manukato uone."

Akaweka manukato. Kilo kumi na moja na robo, maana Shangazi Betina alikuwa ameyakumbuka sasa hivi.

"Ni ya Baba," Yusta akasema. "Aliagiza mwenyewe. Anayasubiri. Baba yangu yuko wapi?"

Birika likamwekea glasi ya chai, likaijaza.

Alipoinua macho, kaunta ilikuwa sebuleni kwao Njombe. Hakuna aliyesafiri, sebule ndiyo iliyokuja. Makochi yaleyale, vitambaa vilevile vya kufuma, kalenda ya parokia ukutani. Ndugu wote wameketi wamebanana, na kila mmoja mdomoni ana zipu. Si zipu ya nguo. Ni ile ngumu ya sanduku, yenye kufuli dogo la namba. Shangazi Betina anayo. Otmari anayo. Anzila, mdogo wake anayemfuata, anapita na sufuria ya viazi, naye anayo.

Anzila anasimama, anazungusha namba za kufuli, anafungua kidogo pembeni.

"Umekula?" anauliza. Anafunga.

"Anzila, Baba yuko wapi?"

Birika linamimina chai.

"Shangazi, shikamoo. Baba yuko wapi?"

Shangazi Betina anafungua zipu. "Marahaba mwanangu. Umenenepa!" Anafunga haraka, anatazama kalenda.

Birika linamimina. Glasi imeshajaa, chai inateremka kwenye kaunta, inaingia kwenye zulia. Yusta anauliza tena, birika linamimina tena. Chai inafika kwenye vifundo vya miguu. Ndugu wanainua miguu juu ya makochi kwa adabu, kama watu wanaopisha ufagio. Yusta anapiga kelele sasa: "Baba yuko wapi?" Na ndugu wote, kupitia zipu, wanajibu kwa pamoja, sauti zinazotoka kama nyuki ndani ya kopo: "Amelala."

Chai imefika magotini. Ni ya moto, na ina sukari ya kutosha.

Ndipo Yusta alipokumbuka kijiko. Kule Erzurum mwenye nyumba hamwulizi mgeni kama ametosheka. Anamimina tu, na ataendelea kumimina mpaka mgeni alaze kijiko juu ya mdomo wa glasi. Hiyo ndiyo namna yao ya kusema imetosha. Yusta alichelewa kulijua hilo. Mara ya kwanza alipokaribishwa kwa mama mmoja wa mjini alikunywa mpaka akahisi tumbo linatembea lenyewe, na mama wa watu akafurahi kupata mgeni anayependa chai namna ile.

Akachukua kijiko. Akakilaza juu ya glasi.

Chai ikakoma. Ile ya zuliani ikarudi ilikotoka, ikafyonzwa kwenye mdomo wa birika bila kuacha hata doa. Birika dogo likafungua tai, likaikunja vizuri, likaiweka pembeni.

"Umetulazimisha," likasema. Likayageukia mabuti. "Haya. Semeni."

Buti la kulia likamtazama la kushoto.

"Mwambie wewe," likasema.

"Kwa nini mimi? Wewe ndiye unayevaliwa kwanza."

"Tuliambiwa tusiseme," buti la kulia likamwambia Yusta. Lilikuwa na aibu, kamba zimelegea. "Una mitihani."

"Mitihani imeisha."

"Basi tukasema tungoje ufike."

"Nimefika," Yusta akasema. "Hii si sebule yetu? Nimefika."

Mabuti yakashauriana kwa kunong'ona. Kisha la kushoto, ambalo lilionekana ndilo jasiri, likasogea mpaka ukingo wa mizani.

"Sisi ni namba arobaini na tatu," likasema. "Tumekaa chini ya kitanda chako tukisubiri miguu. Mguu unaosubiri buti unasikika, dada. Hata ukiwa mbali unasikika. Ule wa mzee ulikuwa na kelele, ulikuwa unapigapiga sakafu, hauna subira kabisa. Tulikuwa tunacheka usiku, hukutusikia?"

"Nilidhani ni bomba la maji ya moto."

"Tulikuwa sisi. Sasa ulipoingia wiki ya kwanza ya mitihani, mguu ule ukanyamaza. Tukasema labda amelala. Tukangoja. Hatujasikia kitu tena."

Yusta akalia. Alilia kwa sauti, kama wanavyolia kwao, mikono kichwani, na sebule ikaona imekaa mno, ikaondoka na makochi yake na ndugu wote, akabaki uwanja wa ndege.

"Samahani," akasema askari wa ukaguzi. Alikuwa Nargiza, ila mwenye sare na glavu. "Hicho ni kimiminika."

"Ni machozi, Nargiza."

"Machozi ni kimiminika. Mwisho mililita mia moja." Akampa kifuko cha plastiki kinachoonyesha ndani. "Lia humu. Kikijaa, funga. Mengine utalia ukifika, wameshakutandikia mikeka."

"Na haya yaliyozidi?"

"Yanywe hapahapa, kabla hujapita. Kama watu wanavyofanya na maji."

Yusta akayanywa. Yalikuwa ya chumvi, na yalikuwa mengi, na foleni yote nyuma yake ilingoja bila kunung'unika. Hata friji ilirudi, ikamfungulia mlango wake apate ubaridi.

Kipaza sauti kikakohoa. "Abiria anayekwenda kumvalisha mabuti Mzee Gaitani Mbilinyi," kikasema, "tunasikitika, mlango umefungwa."

Akaamka.

Kulikuwa kumekucha. Nargiza alikuwa ameinama kwenye meza yao, anaandaa chai, amevaa kaptula na soksi na wala hakuwa askari. Friji ilikuwa kwenye kona yake ikinguruma, bila joho.

Yusta akashuka kitandani, akavuta mabuti, akachukua ile mizani ya mkono waliyoinunua kwa ajili ya masanduku, akayafunga kamba pamoja na kuyaning'iniza. Kilo mbili na nusu.

Akaketi sakafuni, akacheka mpaka akajishika mbavu. Alifurahi vibaya sana. Ikabidi amsimulie Nargiza ndoto yote, kuanzia friji, na Nargiza akacheka zaidi aliposikia yeye ndiye aliyekuwa askari, akataka kujua kama sare ilimpendeza.

"Ilikupendeza. Ila ulinitesa."

"Kanuni ni kanuni," Nargiza akasema, akaenda kuleta birika.

Ili amalize kabisa, Yusta akachukua simu akamwandikia Anzila. Hakutaka kumtisha mdogo wake na habari za ndoto, akaandika la kawaida tu: "Mambo. Hivi Baba anavaa namba 43 au 44? Yale mabuti nisije nikayabeba bure."

Anzila si mtu wa kuandika. Anzila hutuma sauti, dakika tano nzima, analalamikia umeme, bei ya viazi na mambo ya Otmari kabla hajafika kwenye jibu. Leo simu ikaonyesha anaandika. Ikaacha. Ikaonyesha tena anaandika, kwa muda mrefu, ikaacha. Yusta akangoja, simu mkononi, mabuti mapajani.

Ujumbe ukaingia. Ulikuwa mfupi.

"We leta tu dada. Hapatakosa wa kuyavaa."

Akausoma. Akausoma tena taratibu. Nargiza alikuwa amefika na birika, anainamisha mkono amimine, bado anatabasamu. Yusta akachukua kijiko, akakilaza juu ya glasi tupu, akapiga simu nyumbani.