Takia la Rahila

Kila Ijumaa ya mwanzo wa mwezi, baada ya alasiri, wanawake waliosoma pamoja bweni la Mlangilangi kule Tanga hukutana nyumbani kwa Hind, Bawshar, Omani. Hula halwa, hunywa kahawa, na hupeana zamu ya kusimulia jema walilotenda au walilotendewa. Wa kwanza kufika siku zote ni Rahila. Rahila alikufa mwaka juzi kwa maradhi ya figo, akaoshwa na Hind mwenyewe, na tangu hapo hajachelewa hata mara moja, maana wafu hawakwami kwenye foleni ya magari ya Khuwair. Viatu vyake huviacha mlangoni kama wenzake.

Hakuna aliyeona ajabu. Bwenini waliapiana: aliyelala Mlangilangi hakosi pa kukaa. Basi Rahila ana takia lake karibu na dirisha, na finjani yake. Mazoon, ambaye kwa udadisi hana mpinzani, humuuliza mambo ya huko aliko. Kuna joto? Mnakula nini? Rahila hujibu kwamba bado hajapazoea, kisha huomba tende.

Kahawa humiminwa na Paulina, anayemtunza mama mzazi wa Hind, na kupika, na kufua. Desturi ni ya Omani nzima: mgeni akitosheka huitikisa finjani, na asipoitikisa, mmiminaji haondoki. Paulina anaijua vizuri. Anajua pia kwamba yeye naye alilala Mlangilangi, kitanda cha juu, na Hind alilala cha chini yake. Hind alimtambua palepale uwanja wa ndege alipokwenda kumpokea. Alimuuliza kama amekula, akampa funguo za jikoni. Bwenini Paulina alikuwa akimwita Hinduu. Sasa anamwita Mama. Mazoon naye alimtambua. Watu wazima jamani, wana haya zao, wakanyamaza.

Mwezi huo zamu ilikuwa ya Hind, naye akaleta hadithi yake ileile, maana ni tamu na hana nyingine. Ilikuwa siku ya mtihani, mvua inamwagika, malaria imemlaza, gari la shule bovu. Msichana mmoja akambeba mgongoni mpaka zahanati, na mtihani wake mwenyewe ukampita.

"Mungu amlipe popote alipo," alisema Hind, akafuta machozi. Machozi yalikuwa ya kweli.

Paulina alikuwa amesimama hapo na dele la kahawa mkononi. Hadithi hiyo huisikiliza kwa makini kila inaposimuliwa, akitaka kujua kama safari hii msichana atapewa jina. Alilitaka jina hilo kuliko likizo. Lilipokosekana, iliuma vilevile kama mara ya kwanza.

"Si huyu hapa?" aliuliza Rahila.

Mazoon akaiinamia halwa yake.

"Nani?" alisema Hind.

"Pauli! Huyu anayenimiminia. Hebu mwambieni akae, nyie. Mgongo uleule uliokubeba, Hind, umesimama tangu alasiri."

"Rahila, shoga yangu," Hind alisema kwa upole, "wewe umeshakufa, huna tena majirani wa kutazamana nao usoni. Sisi bado tunaishi na watu."

Rahila hakuitikisa finjani. Paulina akamimina, Rahila akanywa, Paulina akamimina tena. Dele halikuisha. Wenzao walitazama kwa hamu waone nani atachoka kwanza, na Mazoon akasema yeye kwa kahawa yote hiyo angelala macho wiki nzima. Ilipoadhiniwa magharibi, Rahila aliiweka finjani chini bila kuitikisa, akainuka, akaenda jikoni.

Mwezi uliofuata hakupita barazani. Viatu vyake vilionekana mlango wa nyuma. Mazoon alikwenda kuchungulia, akarudi na habari.

"Kakaa kwenye kigoda, anachambua mchele. Kamimina chai vikombe viwili, cha pili hakijaguswa."

"Kasema nini?"

"Kaniuliza Paulina ana watoto wangapi. Mie nnajuaje?"

"Mwacheni," alisema Hind. "Maiti ana yake."

Hata hivyo ahadi ni ahadi. Hind alilikung'uta takia la karibu na dirisha, akaweka finjani mbele yake. Hakuna aliyekaa hapo.

"Mmiminie Rahila," alimwambia Paulina.

Paulina akamimina. Finjani ikawa inafuka mvuke mbele ya takia tupu, na Hind, kwa kuwa wenzake walimwomba, akaanza tena ile ya msichana mmoja na mvua.

"Pauli!" Sauti ya Rahila ilitoka jikoni, wote wakaisikia. "Njoo ukae, mwenzangu. Chai inapoa."

Paulina aligeuka. Mguu mmoja ulikuwa umeshatoka kwenye zulia.

"Subiri kwanza," alisema Hind, akiionyesha finjani kwa kidevu. "Bado hajaitikisa."