Kusoma kutoka Upande wa Pili

Kaniho anaandika jina la kumi na moja. Karatasi amenyimwa, kwa hiyo anaandika juu ya kapa, kitambaa cha magome alichokigonga mwenyewe, kwa wino wa masizi. Ni wimbo wa nasaba alioachiwa na bibi yake, na katika kisiwa chote cha Hawaii hajabaki mwingine anayeujua. Mmisionari, Mchungaji Wendell, amemwambia kwa upole kwamba akiuacha wimbo huo wa kipagani, kesho atapewa kitabu chake mwenyewe na darasa la kufundisha. Jua la mchana linampumbaza, kope zinamlemea, mstari unarefuka, unatoka nje ya kitambaa, unakuwa njia, naye anaifuata. Njia inapinda, inarudi ilikotoka, inapinda tena, mpaka kwenye mji uliosimama juu ya mji mwingine uliopinduka, kama nyumba na taswira yake majini. Langoni ameketi mtu asiye na uso, ana kitabu. Anauliza, ni mzigo gani huanza kulemea ukishautua? Kaniho anasema hana mzigo. Unao kooni, anasema yule, utue hapa, uchukue hiki. Kaniho anakipokea kwanza, ajue anabadilishana na nini. Yule anacheka bila mdomo. Mama, umekishika kichwa chini miguu juu, watoto wa huku watakufa kwa kicheko. Kaniho hakigeuzi. Anamweleza taratibu kwamba darasani kwa Mchungaji kitabu kilikuwa kimoja, wanafunzi kumi na wanne wamekizunguka mkekani, na nafasi yake ilikuwa mkabala na mwalimu. Herufi alizijua zikiwa vichwa chini, na hivyo ndivyo anavyosoma hadi leo. Kisha anautazama mji wa chini, ambao wenyeji wanaupita tu, na juu ya kila mlango anasoma jina, na majina ni ya wazee wake, yanafuatana kama bibi alivyoyaimba.

Herufi mmezileta ninyi, anasema, ahsanteni, nimezishika. Koo ni langu. Kitabu nachukua na wimbo siachi.

Huwezi kuwa na vyote viwili.

Nani kakwambia?

Anaanza kuimba, na lango linajikunja kama kitambaa.

Anaamka, au anadhani ameamka. Jina la kumi na mbili limeshaandikwa, wino mbichi, na hakumbuki kuliandika. Jua limeshuka. Yamebaki majina thelathini na manane. Anatandaza kapa mlangoni, mahali Mchungaji atakapopita, anaweka wino kando. La kumi na tatu ataliandika kesho, mbele yake.