Maji Kujaa, Ghorofa ya Tatu

Jumamosi saa nne asubuhi Vaciseva Rokotuni alipanda ngazi za jengo la Vunitiri pamoja na watu wengine kumi na saba, kila mmoja na bahasha yake ya vyeti, kwenda kukagua nyumba namba 3B. Walipewa dakika kumi na tano. Walivua viatu mlangoni, wakafungua mabomba, wakachungulia kabati za jikoni. Mwanamume mmoja alilala chali sakafuni aone kama urefu wake unaenea chumbani. Apenisa, msimamizi wa majengo, alisimama dirishani akitazama saa yake.

Vaciseva alikuwa mfamasia. Alikuwa ametoka Savusavu wiki mbili tu kabla ya hapo, na barua ya kazi ya hospitali hapa Suva, miezi sita ya majaribio, zamu kuanza saa moja asubuhi. Aliyechelewa mara tatu hakuongezewa mkataba. Alikuwa na mahali patatu pa kuchagua. Kwa shangazi yake Makereta, Nasinu, kulikuwa bure, lakini watu tisa na choo kimoja, kisha mabasi mawili hadi kazini. Chumba cha Raiwaqa kilikuwa nafuu, ila mwenye nyumba alitaka mpangaji asiyepika. Nyumba ya 3B ilikuwa inakula nusu ya mshahara, lakini kutoka mlangoni hadi dirisha la dawa ni dakika kumi na mbili kwa miguu.

Akaipata yeye. Wale kumi na saba wote waliuliza maegesho ya magari yako wapi, na Apenisa alikuwa amechoshwa na swali hilo.

Kwetu, katika visiwa hivi vya Pasifiki, mtu hakai mahali kabla hajapeleka sevusevu: fungu la mizizi ya yaqona, ile inayotwangwa ikanywewa, mkononi mwa wenye mahali, kwa maneno ya heshima. Wakishaipokea na kupiga makofi, wewe ni wao, na lolote litakalokupata ni juu yao. Vaciseva alinunua fungu zuri sokoni, limefungwa kwa gazeti na utepe, akaenda nalo ofisini kwa Apenisa.

"Wenye mahali hapa ni akina nani, kaka?"

"Kampuni."

"Iko wapi?"

"Iko kwenye barua pepe," alisema Apenisa. "Niachie mimi, dada, nitawafikishia."

Akakunja viganja, akapiga makofi matatu kama alivyofundishwa na mama yake, akalipokea lile fungu. Ijumaa akainywa yaqona yote na mafundi wa karakana. Vaciseva alikuwa ametoa mizizi kwa mtu kwa sababu mtu huyo alikuwa ameshika funguo. Si yeye wa kwanza. Nchi hii imetolewa vipande vipande kwa njia hiyohiyo.

Jumanne, siku yake ya mapumziko, saa nane na dakika arobaini mchana, bahari iliingia 3B.

Ilitokea kwenye viungo vya vigae, taratibu, bila kelele, ikafika katikati ya muundi. Ilileta tope jepesi, majani ya mikoko, na kaa watano. Ilikaa hadi magharibi, kisha ikapwa, ikaondoka na kandambili moja ya Vaciseva. Nyumba ya chini, 2B, ilikuwa kavu kabisa. Alikaa humo mshauri kutoka Auckland aliyekuwa akiandika ripoti ya kuhifadhi mikoko. Alipoulizwa kama dari lake linavuja alisema hapana, ila harufu ya bahari inamsaidia kuandika.

Vaciseva aliinua kitanda juu ya matofali, akabandika ratiba ya maji kujaa na kupwa kwenye mlango wa jokofu, akampigia Apenisa simu. Apenisa alifungua mkataba.

"Kifungu cha kumi na nne," alisema. "Mpangaji haruhusiwi kufuga. Hao kaa ni wa kwako?"

"Wamekuja wenyewe."

"Basi waambie waondoke wenyewe."

Kazini mwenzake alimsikiliza huku akihesabu vidonge. "Kwangu ni panya," alisema. "Wa kwako angalau wanapikika."

Baada ya wiki mbili maji yalikuwa na zamu kama yeye. Siku za bamvua yalifika magotini, siku za maji mafu yalilowesha nyayo tu. Yalipojaa alfajiri aliamka mapema, akabeba viatu vya kazi mkononi hadi kwenye ngazi. Lakini siku mbili maji yalimfichia kiatu kimoja nyuma ya jiko, akafika hospitali saa moja na robo. Mkuu wake aliandika siku zote mbili kwenye daftari. Ilikuwa imebaki moja.

Jumapili baada ya ibada, shangazi yake Makereta alikuja na sufuria ya mihogo. Akapandisha gauni, akaingia hadi sebuleni, akachovya kidole, akaonja.

"Haya maji si ya bandarini," alisema. "Ni ya Vunitiri. Yana ladha ya majani. Mizizi ulimpelekea nani?"

"Msimamizi, shangazi."

"Mtoto wa kaka yangu! Miaka minne umesomea dawa, na mtu wa kumpelekea mizizi humjui?"

"Yeye ndiye alikuwa na funguo."

"Hata mwizi ana funguo," alisema Makereta, akaweka mihogo juu ya jokofu isilowe.

Tunaokumbuka tunakumbuka hivi. Vunitiri palikuwa mikoko mitupu, na wanawake wa kijiji cha hapo walivua kaa humo kila maji yalipokupwa. Ada za shule zilitoka humo, na mazishi yalitoka humo. Miaka kumi na minne iliyopita, Jumatatu baada ya Pasaka, malori yalikuja na mawe. Wanawake hawakuulizwa. Waliulizwa waume zao, ambao hawakuwahi kukanyaga lile tope isipokuwa kumtafuta nguruwe aliyepotea. Karatasi ilitiwa saini na wanaume wanne. Mmoja alikuwa amekufa mwaka mmoja kabla, na saini yake ilikuwa nzuri kuliko zote. Familia zikapewa mabati na kilima nyuma ya machimbo ya mawe, mahali ambapo kaa hapandi. Waliahidiwa bomba la maji. Bomba lililetwa.

Huko kilimani Vaciseva na shangazi yake walikwenda Jumamosi iliyofuata, na fungu la pili, kubwa kuliko la kwanza. Walimkuta Bibi Torika, mkubwa wa wale wavuvi wa kaa, ameketi mkekani, mwanamke wa miaka sabini na kitu, kidole gumba cha kulia kimejaa makovu ya magando. Wanawake wengine sita walikuja kukaa nyuma yake. Makereta alitamka maneno yote yanayopaswa, akasogeza mizizi mbele. Bibi Torika aliigusa, akapiga makofi, na wenzake wakapiga.

"Tumepokea," alisema. "Umechelewa mwezi mzima, mjukuu wangu. Lakini kampuni imechelewa miaka kumi na minne, kwa hiyo wewe umewahi. Kaa wangu hawajambo?"

"Hawajambo, bibi. Mmoja analala kwenye kiatu changu cha kazi."

"Jike au dume?"

"Sijamuuliza."

"Mgeuze tumbo. Kaa hasemi uongo." Wanawake wakacheka hadi mmoja akajifuta machozi kwa pindo la sulu aliyojifunga kiunoni. Bibi Torika akamsogelea. "Ni wengi?"

"Wengi. Siku za bamvua hadi bafuni. Njooni mvue, bibi. Ni nyumba yenu."

Kuanzia siku hiyo maji hayakuingia tena kupitia vigae. Yalipanda ngazi, yakapita mlangoni kama mtu mwenye adabu zake, na hayakugusa kiatu.

Wanawake walifika Jumatatu na vikapu. Langoni palikuwa na Ramendra, mlinzi, mtu wa Labasa, ambaye baba yake alilima miwa kwenye shamba la kukodi hadi mkataba ulipokwisha na familia nzima ikapanda meli na masufuria yake. Yeye hakuhitaji kuelezwa maana ya kuhamishwa. Lakini alikuwa na daftari la wageni, na daftari lina safu zake.

"Jina," alisema. "Anwani. Unamtembelea nani. Sababu."

"Andika kuvua," alisema Bibi Torika.

"Kuvua, mama? Ghorofa ya tatu?"

"Bahari hatukuipandisha sisi, mwanangu."

Ramendra aliandika kuvua, kwa mwandiko mzuri, mara saba.

Walipanda ngazi kila maji yalipokupwa mchana. Waliinama sebuleni, gauni zimefungwa kiunoni, mikono chini ya sofa hadi kwenye viwiko, wakiongea mambo ya kanisa. Vaciseva alirudi kazini akakuta vigae vimefutwa na bakuli la kaa waliopikwa kwa nazi mezani. Pamoja na saba hao, nyumba ilikuwa na nafasi zaidi kuliko alipokuwa peke yake.

Wiki ya tatu barua ya kampuni ilikuja. Ilisema kwamba katika nyumba 3B kunaendeshwa uvuvi usio na kibali, na kwamba mpangaji ana siku saba: ama azuie wageni hao, ama arudishe funguo. Chumba cha Raiwaqa kilikuwa kimekwisha pangishwa. Kwa Makereta walikuwa wamefika kumi na mmoja. Mabasi mawili kutoka Nasinu yangemchelewesha kwa mara ya tatu kabla ya mwezi kwisha, na kazi ingekwenda. Vaciseva aliisoma barua mara mbili, akaitundika kwenye jokofu chini ya ratiba ya maji, akamwambia Bibi Torika waje kama kawaida.

"Utafukuzwa, mjukuu wangu," alisema Bibi Torika.

"Nanyi mlifukuzwa. Tutakuwa wengi."

Siku ya nane, maji yakiwa yamekupwa, Apenisa alikuja na fundi wa kufuli. Vaciseva alikuwa ameomba kubadilishana zamu. Alisimama mlangoni na koti lake jeupe, tope hadi kwenye vifundo.

"Dada, usinifanye nionekane mbaya."

"Sikufanyi mimi. Unajifanya mwenyewe."

"Mimi natumwa tu. Barua si yangu."

"Kitasa utakibadilisha kwa mkono wa nani?"

Fundi alikuwa amekwisha kutoa bisibisi. Bibi Torika alitoka nyuma ya sofa na kaa mkubwa mkononi, amemshika kwa nyuma, magando yakikata hewa.

"Apenisa. Wewe si mtoto wa Luisa wa kanisa la chini?"

"Ndiye mimi, bibi."

"Huyu binti alikuletea mizizi alipofika?"

Apenisa alitazama sakafu. Kaa mdogo alikuwa akipita. "Aliileta."

"Ukaipeleka kwa nani?"

"Hakukuwa na wa kumpelekea, bibi. Kampuni iko mbali."

"Kwa hiyo?"

"Tuliinywa."

"Mlipiga makofi?"

Fundi wa kufuli, ambaye Ijumaa ile alikuwapo, alijibu yeye. "Tulipiga. Matatu."

"Basi mwenyeji wake ni wewe," alisema Bibi Torika. "Si kampuni. Ulipokea, ukanywa, ukapiga makofi. Nitajie mtu mmoja katika visiwa hivi aliyeinywa mizizi ya mgeni kisha akamtoa nje. Mmoja tu. Ukimtaja, nitashuka ngazi hizi nisirudi."

Wanawake walikuwa wameinua vichwa. Maji ya mwisho yalikuwa yakitiririka ngazini. Apenisa alianza kuhesabu kwa vidole. Ukoo wake ulikuwa mkubwa na wenye kumbukumbu nzuri, na hakupata mtu.

"Kufuli ina kutu," alimwambia fundi hatimaye. "Haifunguki."

"Haifunguki kabisa," alisema fundi, akarudisha bisibisi.

Bibi Torika alimpa Apenisa yule kaa amsalimie mama yake.

Kampuni ilipopata ripoti ya kutu haikugombana. Ilituma mpiga picha. Mwezi uliofuata tangazo lilitoka kwamba ghorofa ya tatu ya Vunitiri ina bahari ndani ya nyumba, jambo la kipekee katika Pasifiki ya Kusini, na kodi ya ghorofa nzima ikapanda kwa theluthi. Mshauri wa 2B aliomba kuhamia juu, akaambiwa kuna orodha ya kusubiri. Vaciseva aliletewa mkataba mpya autie saini. Aliulaza sakafuni maji yakijaa, na yalipokupwa yaliondoka nao. Wakaleta mwingine. Ulikwenda vilevile. Anaendelea kulipa kodi ya zamani, anafika kazini saa moja kasoro dakika tano, na majaribio yake yamekwisha salama. Apenisa huandika kila mwezi kwamba kutu bado ipo.

Kilimani nyuma ya machimbo, bomba bado halina maji. Ile karatasi yenye saini ya marehemu iko ofisini, ndani ya fremu, na kisheria haina kasoro. Wanawake wa Vunitiri wanahesabiwa kuwa wageni, wanaoruhusiwa saa tatu hadi saa kumi na moja, na wanatakiwa kuandikishwa kila siku.

Tangu siku ya kufuli, Bibi Torika hujiandika mwenyewe. Humwomba Ramendra kalamu, huweka miwani, hujaza jina, huiruka safu ya anayetembelewa, na kwenye safu ya anwani huandika neno moja: Hapa. Wenzake sita huandika hivyohivyo chini yake. Kila Jumatatu anakuja karani wa kampuni, hulikata neno hilo kwa wino mwekundu, mstari kwa mstari, akaandika juu yake: Machimboni. Akishaondoka, Ramendra hufungua ukurasa mpya. Wiki hii wako kwenye daftari la nne, na kalamu Ramendra huzinunua mwenyewe.