Kichupa cha Chumvi Kilikuwa Beki wa Mwisho

Mke wa Refa alikwenda uwanjani na nia moja tu: kukaa kimya, kupokea pole, na kurudi nyumbani na kipyenga cha mumewe. Klabu ilikuwa imekiomba kitundikwe ofisini kwao, kiwe kinapulizwa mara moja kwa mwaka kwenye mechi ya hisani ya kumkumbuka marehemu, ile ya kuchangia mashine ya kusafisha damu ya wagonjwa wa figo. Yeye alikubali kukiazima kwa dakika tisini. Kukitoa kabisa, hapana. Hawa ndio waliomtukana mumewe kila Jumamosi kwa miaka kumi na tisa.

Sasa tazama vituko. Fulana zote zilikuwa na sura ya marehemu kifuani. Mwenye bucha, aliyekuwa akimwita Refa "kipofu wa kuzaliwa" mpaka sauti inamkauka, alivaa yake ikambana, na pale kitambi kilipovuta kitambaa marehemu alionekana kanenepa kuliko alivyowahi kunenepa duniani. Alikuja mbio, akamshika mjane mkono kwa mikono yake miwili.

"Shemeji, pole sana. Tumepoteza jembe."

"Jembe?"

"Jembe, shemeji! Hatumpati mwingine."

Hakujua amshukuru au amzabe kofi. Akasema ahsante, kisha akajichukia kwa kuisema.

Kabla ya mpira kuanza, kipaza sauti kikatangaza kwamba leo, kwa heshima ya marehemu, ni mwiko kumtukana refa. Watu wakapiga makofi. Mjane hakupiga. Kumbe kunyamaza walikuwa wanaweza siku zote hizo! Walisubiri mtu aingie kaburini ndipo wamtunzie heshima. Hakuelewa tena amekuja msibani au shereheni.

Yeye mwenyewe hakuwahi kutia mguu pale. Mpira aliujulia mezani jikoni. Kila Jumamosi jioni Refa alirudi na vumbi mpaka kwenye nyusi, na kabla hata ya kuoga akapanga vyombo: vikombe washambuliaji, kichupa cha chumvi beki wa mwisho, kifuniko cha birika ndiyo mpira.

"Haya, mama, amua. Kaotea, hajaotea?"

Naye, fundi cherehani, mtu wa kupima kwa jicho kabla ya futi, aliinama akatazama. "Kaotea."

"Basi leo nimechemsha," Refa alikuwa akisema huku anacheka, kisha anamwigizia matusi yote aliyotukanwa, kila moja kwa sauti ya mwenyewe. La mwenye bucha ndilo alilolipenda zaidi. Mkewe hakuona cha kuchekesha hata siku moja. Hata figo zilipomshinda, alizipanga chupa za dawa juu ya shuka, akauliza vilevile.

Kipindi cha pili, timu zikiwa sare, mshambuliaji mwenye fulana nyekundu alipokea mpira akiwa peke yake, akafunga. Refa wa leo, aliyekuwa mshika kibendera wa marehemu, akapuliza: goli. Mwenye bucha, shabiki wa wekundu, alicheza mpaka kandambili zikamtoka. Mashabiki wa upande wa pili walimeza mate wakanyamaza, maana mwiko ni mwiko.

Lakini mjane alikuwa anaiona meza. Kikombe kilikuwa kimeipita chumvi hatua mbili nzima.

Alishtukia amesimama. "Kaotea! We refa, macho umeyaacha nyumbani?"

Uwanja mzima ukageuka. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Yule refa wa leo akaja taratibu mpaka kwenye kamba.

"Shemeji, kichupa cha chumvi kilikuwa wapi?"

"Nani kakwambia habari za chumvi?"

"Marehemu. Kila siku ya mazoezi alitusimulia. Alisema kwake kuna refa mkubwa kuliko yeye."

"Hatua mbili nyuma ya kikombe," akasema.

Yule refa akavua kipyenga cha marehemu shingoni, akampa. "Basi amua wewe."

Miaka yote alikifua kamba, hakuwahi kukitia mdomoni. Akapuliza kwa nguvu zake zote. Goli limefutwa.

"Kipofu!" mwenye bucha akafyatuka. "Kipofu kama mumewe!"

Kisha akajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

Mjane alingoja neno limchome, halikumchoma. Ilikuwa sauti ileile ya jikoni, na ule mkwaruzo wa mwishoni ambao Refa alikuwa anauiga bila kukosea. Akacheka. Machozi nayo yakaja, na hakujua kipi kimetangulia.

"Rudia," akamwambia.

"Shemeji, nisamehe, ulimi umeteleza..."

"Nimesema rudia. Vizuri, kama ulivyokuwa unamwambia yeye."

Mwenye bucha akajifuta jasho. "Kipofu wa..." Sauti ikamkatikia njiani, akainamia ile sura iliyokuwa kifuani mwake. Jukwaa zima likamalizia: "Wa kuzaliwa!"

Mjane akamvisha refa kipyenga, akamnyooshea kola ya shati iliyokuwa imejikunja.

"Endelea na mpira," akasema. "Ukiisha, kitundikeni. Ila kiwe mahali penye kelele."